Mwaka Niliofuta Uso wa Bobi

Tulimzika Sengi Minza siku ya Jumatano, jua likiwa bado halijawa kali, na jioni yake, watu walipokwisha kutawanyika na masufuria ya kuazima kurudishwa kwa wenyewe, niliingia chumbani kwake nikakaa kitandani bila kufanya lolote. Kwetu sengi ni dada wa baba, na huyu alikuwa wa mwisho kati ya dada zake. Binti mmoja wa pale mtaani, ambaye hakuwa amezaliwa nilipoishi katika nyumba ile, alikuwa akikunja kanga za marehemu na kuziweka sandukuni. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea adabu, kama ni kweli kwamba zamani bibi alikuwa na mbwa aliyelala ndani na kufutwa uso kila asubuhi kama mtoto. Nikamwambia ni kweli, ila aliyekuwa akimfuta uso ni mimi. Aliacha kukunja, akanitazama. Nami nikaona kwamba kwake mimi ni mama mtu mzima, muuguzi wa macho kutoka Maswa, mwenye miwani na viatu vya heshima, na kwamba hawezi kuniwaza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimechuchumaa uani, kidevu cha mbwa kikiwa kwenye kiganja changu. Hata mimi wakati mwingine siwezi. Mwaka ule unanijia kama vitu vinavyomjia mtu aliyelala mchana na kuamka alasiri, hajui kama kunakucha au kunakuchwa.

Nilifika Bariadi nikitoka Nkololo, nina begi moja na kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mama alinipa nisije nikaingia mikono mitupu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yamerudi mabaya. Hakuna aliyenigombeza. Baba alisema tu niende nikakae kwa sengi wakati watu wanafikiri, na nilielewa kwamba hakuna mtu atakayefikiri. Bariadi wakati huo haikuwa bado makao makuu ya mkoa. Ulikuwa mji wa vumbi na malori ya pamba, na msimu wa mavuno nyuzi nyeupe zilidondoka njiani zikashikwa na majani ya kando ya barabara, hata mtu aliyepita pale kwa mara ya kwanza angedhani miti ya huku inaota manyoya. Nyumba ya Sengi ilikuwa na vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa kama ngozi, na dirisha lenye wavu wa kijani ambao asubuhi uliifanya sebule yote ionekane kama iko chini ya maji. Ndani ya mwanga huo wa kijani, juu ya gunia lililokunjwa mara nne, ndipo nilipomwona Bobi.

Mbwa niliowajua mimi walikuwa wa ng'ombe. Wana manyoya mafupi ya rangi ya udongo, wanalala nje, wanakula walichokipata, na hakuna mtu aliyewahi kuwaangalia usoni. Huyu alikuwa mdogo kuliko mwanambuzi, mweupe, nywele zake zinafika chini. Akisimama kimya huwezi kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi mpaka aanze kutembea. Alinisogelea, akanusa miguu yangu yenye vumbi la Nkololo, akakaa. Sengi akacheka. Alikuwa amefanya kazi ya upishi Mwanza kwa familia ya wageni miaka mingi, na walipofunga mizigo kurudi kwao walimuuliza anataka wamwachie nini. Ndugu zake wote walikuwa wakingoja jokofu. Yeye akaomba mbwa. Hilo jambo halikusahaulika katika ukoo, na kila aliyekuja kututembelea aliligusia kwa namna yake, kisha akamtazama Bobi kama mtu anayetazama jokofu lililokosekana.

Kazi yangu alinipa kesho yake. Alisema kuoga kwa Bobi ni kazi ya mwezi, maana maji ya bomba yalikuja siku mbili kwa wiki na mbwa wa nywele zile alihitaji ndoo tatu, lakini uso ni kazi ya kila siku, na yeye macho yake hayamruhusu tena. Nilijua macho ya Sengi ni mabaya. Yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu, yanatoka machozi akitazama mwanga, na alikuwa na desturi ya kuyafumba nusu akizungumza, kama anayesikiliza jambo la mbali. Alikuwa amejaribu kukata nywele zilizomfunika Bobi macho, akamchoma kidogo kwa mkasi, na tangu siku hiyo hakuugusa tena. Basi akakaa kwenye kigoda, akanikalisha mbele yake, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu na kuiongoza. Maji yawe yamechemshwa na kupoa mpaka uvuguvugu. Kitambaa kiwe cha kanga iliyochakaa, kwa sababu kipya kinakwaruza. Kila jicho kitambaa chake. Unaanzia kona ya ndani, karibu na pua, unatoka nje, na hurudi ulikotoka. Uchafu ukiwa umekauka usiuvute, uulowanishe na ungoje. Ndevu zifutwe kila baada ya kula, halafu zikaushwe kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa ndevu zikikaa na unyevu zinanuka na ngozi ya chini inatoka vipele. Mwisho kitana chenye meno ya karibu karibu, kwanza ncha za nywele, ndipo unapanda juu taratibu. Maji ya kunywa alimpa kwenye kopo jembamba badala ya bakuli, ili ulimi uingie na ndevu zibaki nje.

Asubuhi za miezi ile ya kwanza nazikumbuka zikiwa zimeunganika, kama asubuhi moja ndefu. Adhana ya mbali, kisha jogoo, kisha Bi Zuhura akifungua mabati ya duka lake upande wa pili wa ua. Bi Zuhura alikuwa mtu wa Kondoa, mjane, Mwislamu wa swala tano, na hakutaka Bobi amguse kwa sababu ya udhu wake. Lakini kila alipokata kanga kuukuu kwa matambara alituwekea vipande vilivyo laini, akavirusha juu ya ua vikiwa vimekunjwa. Kibanda cha jiko kilikuwa cha moshi wa kuni. Tulikunywa uji wa mtama, mchana tukala ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa karanga, na siku moja moja dagaa. Bobi alipewa ugali uliochanganywa na mchuzi, na ndevu zake zikatoka humo zimeganda kama mwiko. Nilimfuta huku Sengi akinisimulia nyumba za Mwanza, vyumba vyenye mapazia mazito, mkate uliookwa alfajiri, ziwa likionekana kati ya mawe. Sikujibu sana. Nilikuwa katika hali ya mtu aliyeshindwa na ambaye hajaambiwa la kufanya, na kule kulowanisha, kungoja, kufuta kulinipitisha siku moja hadi nyingine kama mtu anayevushwa mto akiwa ameshikwa mkono.

Niliona kitu katika wiki zile, ingawa sikujua nimekiona. Bobi alikuwa na nywele mbili tatu kwenye kona ya kila jicho zilizojikunja kuelekea ndani. Zikigusa jicho, chozi lilifuata. Nikizilaza pembeni kwa kidole na kuzikata kwa mkasi mdogo, kidole changu kikiwa kati ya ncha na jicho, siku hiyo jicho lilikuwa kavu. Zikikua tena, chozi lilirudi, na chozi la mbwa mweupe haliishi likiwa maji. Likikaa kwenye nywele linageuka rangi, kwanza ya chai, kisha ya kutu, mpaka mstari mwekundu unashuka kutoka jichoni hadi mdomoni. Ukifuta kila siku hakuna anayejua.

Kisha likaja jambo ambalo mpaka leo sipendi kulieleza. Kwenye foleni ya bomba wasichana wa rika langu walikuwa wamenipa jina, Muosha Sura za Mbwa, wakilisema kwa Kisukuma kwa namna iliyochekesha zaidi. Sikugombana nao. Nilirudi na ndoo yangu, na nilipofika uani nikamwona Bobi akinijia na uso wake mweupe, nikamchukia. Wiki hiyo hiyo Sengi aliitwa Lingeka, huko Meatu, kwenye msiba wa ndugu, na akaniachia nyumba. Alikaa siku tisa. Kwa siku tisa nilimpa Bobi chakula na maji, na sikumgusa uso. Nilijiambia ni mbwa, na mbwa wote wa Nkololo wanaishi bila kufutwa. Siku ya nne alianza kujisugua ukutani. Siku ya saba niliacha mlango wazi, akatoka, akaenda kwa jirani yetu Mama Shija, ambaye mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa isiyokatika, amelazwa kwenye mkeka barazani. Bobi akasimama pale na mistari yake miwili myekundu, anamtazama mtoto. Nilimfuata nikamkuta Mama Shija amesimama, amejishika kifua. Nilimsalimu, mwadila mayu, habari za mchana mama. Hakuitikia.

Sengi alirudi jioni ya siku ya tisa, amechoka na safari. Alikaa kwenye kigoda, Bobi akamwendea, naye akapitisha kiganja usoni mwake kama alivyofanya siku zote anaporudi nyumbani. Mkono ukasimama. Macho yake hayakuona rangi, lakini vidole vilihisi ule ugumu, nywele zilizogandamana kama gome chini ya macho. Aliomba maji ya uvuguvugu na kitambaa, na mimi nikampa. Kwa muda mrefu, mpaka kuku walipopanda kulala, alikaa akiulowanisha ukoko ule kwa kupapasa, akingoja, akiulowanisha tena, bila mkasi, bila kuvuta hata mara moja, na machozi yake mwenyewe yakimdondokea mikononi kwa ile desturi ya macho yake. Chini ya ukoko ngozi ilikuwa imechubuka. Alipomaliza akaniita karibu.

"Mayu," akasema, kwa jina lile la mama, ambalo kwetu mkubwa humwita hata binti anayempenda, "huyu hana mikono ya kujifutia. Ndiyo maana nilikuomba wewe."

Ningefurahi kama angenigombeza. Kuanzia kesho yake nilimfuta Bobi asubuhi, mchana na jioni, na msichana yeyote aliyetaka kucheka akacheka. Ngozi ilipona baada ya wiki mbili. Mtoto wa Mama Shija naye alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akapona. Lakini maneno hayakupona. Siku moja nilikuwa nachambua nsansa nyuma ya jiko, nikamsikia Bi Zuhura akizungumza na Sengi juu ya ua kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake. Alisema watu wanasema mbwa huyu analia damu. Sengi akasema watu husema mengi. Bi Zuhura akasema wanaongeza kwamba macho ya mbwa na macho ya mwenye mbwa ni mamoja. Sikusikia Sengi alijibu nini. Nilibaki na majani mkononi. Aliyekulia sehemu zetu haelezwi maana ya maneno yale, lakini kwa msomaji wa mbali nitasema hivi tu: mwanamke mzee, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, kwa baadhi ya watu wetu alikuwa amekwisha kuhukumiwa kuwa mchawi, na wako waliokufa kwa hilo mlangoni mwao. Niliwajua wawili kwa majina. Na Sengi wangu watu walikuwa hawajamtaja mpaka mimi nilipoacha mlango wazi.

Walikuja watatu, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili. Mmoja nilimfahamu kwa sura, Mzee Masunga, mfugaji mwenye ng'ombe wengi upande wa Nkololo na nyumba mjini. Walisalimia vizuri, wakaitikiwa vizuri, Sengi akatoa viti. Mwenyekiti alizunguka sana. Alisema kuna malalamiko, kwamba yeye ni mtu wa serikali na haamini kila kitu, lakini amani ya mtaa ni jukumu lake, na kwamba labda ingekuwa vyema mbwa yule akaondolewa. Sengi alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na Bobi, kitambaa mkononi, kwa kuwa walitukuta katikati ya kazi, na ghafla nikajisikia nikisema shikamooni tena, ingawa nilikwisha kuwaamkia, na kwamba naomba waje wamtazame wenyewe.

Mzee Masunga peke yake ndiye aliyesogea. Alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia. Nilimwonyesha zile nywele zilizojikunja, nikaacha moja iguse jicho, tukangoja, na chozi likaja, jeupe kama maji. Nikamwonyesha kitambaa cha jana nilichokuwa sijakifua, kile chozi lilikokaukia, na rangi yake ya kutu. Nikamwambia nilimwacha siku tisa bila kumfuta, kosa ni langu, na alichokiona Mama Shija ni uvivu wangu. Mzee akachukua kitambaa, akakinusa kama wafugaji wanavyonusa kila kitu, akasema taratibu kwamba ndama wake mweupe alikuwa na alama hiyo hiyo, na kwamba damu hainuki hivi. Mwenyekiti alipumua. Nilidhani yamekwisha. Lakini yule mzee mwingine hakuwa akimtazama mbwa kabisa.

"Ya mbwa tumeona," alisema. "Na haya ya mama?"

Sengi aliinua uso, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijaribu kuyafumbua macho yake yote, yawe kama ya watu wengine, na mwanga ukamshinda, machozi yakamwagika. Mzee Masunga ndiye aliyesimama na kusema twendeni. Waliondoka wakiaga kwa adabu ile ile. Mchana huo hatukula. Sengi alilala kitandani amejigeuzia ukutani, Bobi chini ya kitanda, na mimi nikakaa mlangoni nikiogopa kila aliyepita.

Alasiri aliniita. Alisema kuna kitu kimemwingia jichoni, kinamkwaruza, na kama ningeweza kumtolea. Nilimkalisha dirishani. Nikaosha mikono, na bila kufikiri nikafanya kama nilivyozoea, kiganja chini ya kidevu, kidole gumba kikiuvuta ukope juu taratibu. Na nikaona. Kope zake hazikutoka nje kama kope za watu. Zilikuwa zimepinda kwenda ndani, zimelala juu ya jicho lenyewe kama mtama ulioangushwa na mvua, na kila alipopepesa zilifagia. Nilitazama jicho la pili, nalo lilikuwa hivyo. Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu kabla ya Mwanza, kwamba huwa anazing'oa kwa kucha na zinarudi, kwamba mama yake alikuwa hivyo na bibi yake alikuwa hivyo, na yeye alidhani ni macho ya ukoo. Nilimwambia, Sengi, ni nywele. Ni nywele tu, kama za Bobi.

Alicheka kidogo, halafu akaona sichezi. Nilikwisha kusikia redioni juu ya vikope, ugonjwa unaoanzia utotoni kwa sababu ya nzi na nyuso zisizonawishwa, na kwamba hospitali wanatibu, ila nilikuwa nimesikia kama mtu anavyosikia habari za nchi nyingine. Nikamwomba twende. Akakataa. Kwa siku kumi alikataa, na sababu zake zilibadilika kila siku: umri, kisu, nani atampikia Bobi, na mwisho ile ya kweli, kwamba watu watasema amekwenda kuficha. Aliyemshinda ni Bi Zuhura. Alizunguka ua, akaingia kwetu kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Bobi aje katika nyumba ile, akakaa kwenye kiti na miguu ameikusanya juu, Bobi akiwa amemzunguka anamnusa kanga. Alisema duka litafungwa kesho na atakwenda nasi. Alisema udhu unatiwa tena, hauna shida, lakini jirani hapatikani kwa kuchota maji. Sengi akamwambia amekaa vibaya, ashushe miguu. Bi Zuhura akaishusha.

Hospitalini nakumbuka ukuta wenye rangi ya bluu mpaka kiunoni na benchi lililojaa wanawake wazee, wengi wao wamefumba macho nusu kama Sengi, wengi wao, nilivyotambua nikiwa nimekaa pale, wakiwa na hofu ile ile ambayo hawakumwambia mtu. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye tochi. Aliugeuza ukope wa Sengi kwa kidole kimoja kwa wepesi ulionishangaza, akaangalia, akasema vikope, vya siku nyingi, kioo cha jicho kina kovu kidogo lakini jicho lipo. Alieleza kwamba watampiga sindano ya ganzi na kuukata ukope kwa ndani, waugeuze kope zitazame nje, washone. Akaniuliza nani amegundua. Sengi akasema ni huyu, anamfuta mbwa wangu. Muuguzi hakucheka. Aliniuliza ninamfutaje, nami nikaeleza, kona ya ndani kwanza, kila jicho kitambaa chake, hurudi ulikotoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu kwenye kadi, akasema ndivyo wanavyofundishwa chuoni, na wengine wanamaliza hawajui.

Nimefanya kazi ile sasa kwa miaka mingi. Nimegeuza kope za mamia ya bibi wa Maswa na Meatu, na ninapowaambia ni nywele tu, naona uso unavyobadilika, siyo kwa sababu ya maumivu yanayokwisha bali kwa sababu kuna mtu amelitaja jambo lao kwa jina dogo. Watu huniuliza nilichaguaje kazi hii, nami husema nilirudia mtihani nikafaulu, na hiyo nayo ni kweli.

Bandeji zilitolewa, nyuzi zikatolewa baadaye. Wekundu haukuondoka siku moja. Uliondoka kama maji ya mbuga yanavyokauka, hujui yamekwenda lini, na siku moja nilimtazama akichambua mchele dirishani, akiwa amefumbua macho kabisa, nikaona weupe. Mama Shija alikuja kusalimia akiwa na bakuli la maziwa mgando. Walizungumza juu ya mvua. Alipoondoka Sengi aliyala yale maziwa yote bila kuniachia, na hakusema kitu juu ya Mama Shija, siku hiyo wala nyingine yoyote. Mzee Masunga alileta ndama wake mweupe tumtazame. Yule mzee mwingine, aliyeuliza juu ya macho ya mama, tulikutana naye mara nyingi njiani. Sengi alimwamkia kila mara, akimtazama usoni moja kwa moja, naye kila mara aliangalia pembeni.

Mwisho wa mwaka nilipata nafasi ya kusoma Nyalikungu, pale Maswa, kwa ajili ya kurudia mtihani. Nilifunga begi usiku, na asubuhi nilichelewa kuamka, kwa kuwa hakuna aliyeniita kwenye kazi. Nilitoka sebuleni nikakuta mlango wa uani umefunguliwa na ule mwanga wa kijani umekatwa na mwanga mweupe wa nje. Sengi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo amenipa. Kikombe cha maji kilikuwa kando yake, kitambaa kimoja begani na kingine mkononi, na Bobi ameketi mbele yake, kidevu kwenye kiganja. Alikuwa akimfuta yeye mwenyewe. Hakuwa anapapasa. Alikuwa ameinama karibu sana, anasogeza nywele moja moja, anatazama, anasogeza nyingine, kama mtu anayesoma barua iliyokaa posta miaka mingi. Alimwinua uso kuelekea kwenye mwanga. Nilimsikia akinong'ona, siyo kwa kunisikilizisha mimi.

"Bobi," alisema, "kumbe umezeeka bila kuniambia."

Basi lilikuwa la saa moja, na kutoka pale hadi stendi ni mwendo. Alikuwa amemaliza jicho la kulia. Alikishusha kitambaa cha kwanza, akachukua cha begani, akakilowanisha, akakikamua. Nikaweka begi langu chini polepole, lisitoe sauti, nikasimama mlangoni nikangoja afute la pili.